Feza ya Masomo Bado Inakuya

Siku ile ua wa chuo kikuu pale Butembo ulijaa wanafunzi kama soko, wote wakisukumana mbele ya dirisha la mhasibu. Kavugho alikuwa amevaa kikwembe cha kijani na koti zito la sufu, maana baridi ya asubuhi ya Butembo haina huruma. Mtu akamkanyaga mguu.

"Pardon, dada," kijana akasema. "Weye pia unaacha masomo?"

"Inakuangalia nini? Ni mambo yangu."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, jina lake Vagheni, mjumbe wa kamati ya wanafunzi. Kavugho akajikuta amemweleza yote. Shamba la kakao la mama yake, upande wa Beni, halifikiki tena kwa sababu ya watu wenye silaha. Ada iliyobaki haitapatikana. Anaomba arudishiwe ile aliyokwisha kulipa, aingie biashara ya vitambaa na mama yake mdogo kule Kasindi.

"Rudia kwa mama," Vagheni akasema. "Dosye yako, makaratasi yote, nitaifuata miye."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Kavugho akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Mjini Butembo alikuwa hajaona kitu cha bure.

Tangu hapo, kila jioni simu ililia nyumbani kwao Mulekera, mjini Beni.

"Chérie, umekula?"

"Miye hapana chérie yako. Feza iko wapi?"

"Inakuya. Comptable wa pale dirishani anasema juma yenye kuya."

"Hiyo juma yako iko na mukia murefu!"

Wakacheka, wakaongea mpaka chaji ikaisha. Kidogo kidogo Kavugho akaanza kuingoja sauti kuliko feza, na jambo hilo lenyewe likamtia wasiwasi. Mtu akitaka kukuibia, huanza kwa kukuchekesha.

Ndipo binamu yake Jokébed akampigia kutoka Butembo. "Dada yangu, ule bwana yako nimemuona juu ya moto, pikipiki mupya kabisa. Na mwanamuke nyuma."

Usingizi ukamruka. Kabla juma halijaisha, mama mdogo naye akapiga kutoka Kasindi: nafasi pale dukani amempa mwingine. "Nilikungoya, mutoto wangu. Lakini biashara haingoyake."

Kavugho hakumwaga machozi. Alipanda gari la Butembo bila kumwambia Vagheni, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha.

"Feza yako?" akashangaa mama wa ofisini. "Hapa haturudishake kitu kama mwezi wa kwanza ya masomo imepita. Tulimuambia Vagheni siku ile ile. Lakini haijapotea: ukirudia mwaka yenye kuya, tutaihesabu."

Basi hakuna kilicholiwa. Mbona alidanganya?

Alimkuta nje ya lango, anapangusa pikipiki.

"Kavugho! Umefika lini?"

"Moto ni ya nani?"

"Ya kaka yangu mukubwa."

"Na mwanamuke?"

"Bibi yake, shemeji yangu. Nilimupeleka hospitali."

"Na feza yangu?"

Vagheni akakikunja kitambaa cha kupangusia.

"Ulijua," Kavugho akasema.

"Nilijua. Lakini ningekuambia hapana iko, ungepokea tena simu yangu?"

Kavugho hakujua acheke au ampige. "Nafasi yangu ya Kasindi imeenda, Vagheni. Nilikuwa nangoya feza yenye haiko."

Uso wa kijana ukasinyaa. Hilo hakulijua. "Unisamehe. Nakupenda. Nataka nikuoe."

"Na kinywa ile ile yenye ilisema 'inakuya'?" Akajifunga vizuri kikwembe chake. "Kuya kwetu. Umuambie mama yangu weye mwenyewe. Uanze na bongo, ule uongo wako. Mapendo itafuata nyuma."

Hakuamini kwamba angekuja. Lakini Jumapili, watu wakitoka misa, Vagheni alisimama mlangoni kwao Mulekera, shati limekuwa jekundu kwa vumbi la barabara. Alieleza yote kwa kusimama, wala hakujipunguzia kosa. Mama alimsikiliza huku akimenya ndizi, kisha akamgeukia binti yake.

"Kavugho, huyu ndiyo mutu yenye unataka tumuamini?"

Kavugho akatazama vumbi kwenye shati la Vagheni.

"Bado, mama," akasema. "Lakini umupe kiti."