Jumamosi za Shangazi

Ndugu zangu, na hasa nyie akina mama mnaosoma huku mmesimama, nyumba ninayowasimulia ilikuwa na amani yake. Baba fundi wa friji, mama msusi, binti yao yuko sekondari. Jumamosi ile mchana fundi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi akisikiliza mpira, binti anapiga pasi sare zake, na mama anafunga supu kwenye hotipoti.

"Mpelekee shangazi ingali ya moto," fundi alisema. "Mwambie mkwewe anamsalimu. Na akianza habari za harusi yake, kimbia, la sivyo tutakuona kesho."

Binti alicheka. Shangazi huyo, dada wa baba yake msusi, ndiye aliyemlea msusi tangu utotoni. Walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Aliishi peke yake upande wa pili wa soko.

Msusi alichukua hotipoti, akaaga, akatoka. Hakwenda kwa shangazi.

Msinifikirie mabaya. Hakuwa na mwanamume huko. Alikuwa na mgongo. Kusuka ni kusimama kutwa nzima, shingo imeinama, mabega yamepanda masikioni. Jioni alikuwa akishika ukuta kabla ya kukaa. Mteja wake mmoja, muuguzi, alishindwa kuvumilia.

"Dada, kila ukikaza msuko unaguna. Anayesukwa hapa ni mimi au wewe?"

Muuguzi huyo alifundisha pilates, mazoezi ya sakafuni ya kuimarisha mgongo na tumbo, kila Jumamosi, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi. Msusi alipofika mara ya kwanza akaona wanawake wamelala chali juu ya mikeka ya mpira, akaona kama anataniwa.

"Hata nyumbani nina sakafu," alisema.

"Ya nyumbani unaideki. Hii utailalia. Lala."

Alilala. Akaambiwa avute pumzi hadi mbavu zitanuke, akaze tumbo polepole, ainue nyonga, kisha ashushe mgongo pingili baada ya pingili, bila haraka. Kumbe polepole ndiyo kazi yenyewe! Mapaja yalimtetemeka, jasho likamtoka, jirani yake akaguna kama mbuzi na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliposimama alihisi kichwa kimekaa mahali pake. Usiku huo alilala fofofo. Baada ya wiki chache alikuwa anasuka kutwa bila kuguna, na ikifika Ijumaa anatabasamu mwenyewe kama mtoto anayengoja sikukuu.

Tatizo halikuwa mazoezi. Tatizo ni kwamba hakuthubutu kuyasema. Nyumbani kwake kila dakika ya mama ilikuwa na mwenyewe. Wifi yake alipoanza kukimbia asubuhi, fundi alisema mbele ya wageni, "Mwenye nguvu za kukimbia bure aje anifulie." Watu walicheka, na msusi akacheka nao. Basi ilipofika zamu yake akatafuta sababu isiyobishiwa: "Nakwenda kwa shangazi, miguu inamsumbua." Nani atabishana na miguu ya mgonjwa?

Sasa sikilizeni ubaya wa uongo. Zamani Jumamosi ilikuwa kweli ya shangazi. Msusi alimwosha nywele, akasikiliza hadithi ya harusi, akarudi. Pilates ilipochukua Jumamosi, hakuwa na ruhusa nyingine ya kuomba. Ataagaje tena Jumapili aende alikokuwa jana? Kwa hiyo yule yule aliyetajwa kila wiki ndiye aliyeachwa. Na supu? Waliinywa ukumbini baada ya mazoezi, wakaisifu. Roho ilimsuta akiwa amelala mkekani, ikamsuta akipanda ngazi. Akajiambia wiki ijayo nitakwenda. Wiki ijayo haikufika.

Jumamosi ile alirudi shingo imenyooka, uso unang'aa. Binti alimpokea hotipoti.

"Mama, bibi ameshanyanyuka?"

"Amenyanyuka wapi?"

"Si alipiga simu ya baba? Alisema ameanguka bafuni, hawezi kuinuka, akuone wewe. Nikamwambia mama yuko hapo hapo kwako. Akasema hupo. Nikampa baba."

Fundi alikuwa bado anacheka. "Shangazi naye uzee umemfika! Nikamwambia uko naye hapo hapo, umetoka tu kuchota maji, asubiri. Ana bahati ya kuuguzwa halafu haoni anayemuuguza."

Hapo ndipo pa kusema. Ulimi ukachagua njia iliyoizoea.

"Ndiyo… nilikuwa nimetoka nje kidogo. Ngoja nirudi nikamwangalie."

Lakini fundi alishamwona uso. Alivaa viatu, wakatoka pamoja, na njia nzima msusi aliomba mumewe arudi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Fundi aliuvunja kwa bega. Redio alikuwa sakafuni bafuni, mguu umepinda, nguo zimelowa, simu kifuani. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. Alimtazama msusi muda mrefu.

"Umekuja," alisema. "Sijakuona tangu mvua zianze, mwanangu. Nikadhani nimekukosea."

Fundi alivua koti lake, akamfunika.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walikaa kwenye benchi la hospitali, mke na mume, na hapo msusi akatapika yote: ukumbi, mkeka, supu. Fundi alisikiliza huku anakunja na kukunjua koti lililolowa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Lakini kicheko changu hakivunji nyonga." Akalikunja tena koti. "Na mimi nilimwambia asubiri. Mtu yuko sakafuni, namwambia asubiri."

Shangazi alipona kwa shida. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi ya kitandani: avute pumzi, akaze tumbo, ainue nyonga kidogo kidogo. Msusi aliyajua yote. Kila siku baada ya saluni alipiga magoti kando ya kitanda kile, akishika mgongo mkavu wa aliyemlea, akihesabu pumzi naye. Alikuwa radhi atukanwe. Shangazi hakumtukana. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa anaongea sana tena. Hata harusi hakuitaja.

Fundi ndiye aliyeuliza siku moja, "Shangazi, bwana harusi wako alichelewa kwa nini vile?" Kikongwe alijibu kwa maneno machache, akafumba macho.

Wiki zilipita. Ijumaa moja msusi alisema ameacha pilates kabisa, Jumamosi zote ni za hapa. Shangazi alifungua jicho moja.

"Ili mgongo ukuvunjikie, nani aniinue? Nenda. Kisha Jumapili uje, nywele zangu zimekuwa kiota." Akamshika mkono. "Ila ukienda huko, sema unakwenda huko. Usinitaje mimi."

*Tubebe hili kutoka nyumba hii*

Mama, mwili wako ni chombo cha kazi kama cherehani, usipoutunza utakwama. Tafuta saa yako, ulale sakafuni, unyooshe mgongo, ufurahi. Si dhambi. Lakini iombe kwa jina lake. Ukiiba saa yako mwenyewe, kuna mtu mwingine atalipa, na kwa kawaida ni yule asiye na nguvu ya kudai. Nanyi akina baba, na watoto wakubwa: nyumba ambayo mama lazima adanganye ndipo apumzike, hiyo nyumba nayo ni mgonjwa. Msicheke kabla ya kusikia. Na mzee akisema ameanguka, nendeni. Shangazi huyu hadi leo anatembea kwa mkongojo, na msusi kila anapousikia ukigonga sakafu huinamisha macho.