Shimo la Mawe Meupe

Kila Jumamosi, kabla ya ukaguzi, Acayo alifagia uwanja wake mpaka udongo ukabaki mtupu. Aliishi na watoto wanne, Amony akiwa wa kwanza, katika kota za kambi ya jeshi ya Makindye, Kampala. Mwaka huo wa 1991 mumewe, askari, alikuwa kazini kaskazini. Majani na maganda ya matoke Acayo aliyachoma yote. Majivu aliyamwaga mtaroni.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kishamba. Mchicha wake ulitoka mwembamba, wa njano. Sajini Odoch, mkaguzi, aliutazama.

"Mama Amony, hii ni mboga ama ni mgonjwa?"

"Nisamehe, afande."

"Msimu ujao ikiwa hivi, kishamba nampa mwingine. Wengi wanaomba."

 Mboga ya watoto wa Acayo ilitoka hapo.

Jirani yake nje ya kambi, Nerima, Mkenya wa Busia, aliuza samaki Ggaba, kando ya ziwa. Mchicha wake ulifika kiunoni. Acayo alimwendea.

"Dada, unanunua mbolea gani?"

Nerima alicheka. "Mbolea yangu ni ile wewe unayochoma kila Jumamosi!"

"Takataka?"

"Mmea unakula udongoni. Chakula hicho kinaingia kwenye jani na kwenye ganda. Ukilizika ganda, linaoza, na udongo unarudishiwa chakula chake. Ukilichoma, naitrojeni, inayofanya jani liwe la kijani, inaondoka na moshi. Majivu nayo yana chakula kingine. Unaulisha mtaro!"

"Na haya?" Acayo alionyesha ndoo ya matumbo ya samaki.

"Mvua inaosha udongo wa kilima hiki mpaka ziwani. Mimea midogo ya majini inapata chakula. Samaki wanaila. Mimi nakirudisha chakula hicho kwa ndoo."

Acayo aliitazama ndoo kwa heshima. "Kumbe unatupandishia kilima chetu kutoka ziwani! Lakini Odoch hataki uchafu."

"Basi usiwe uchafu."

Acayo alichimba shimo la kina cha kufika kiunoni. Chini kabisa aliweka matumbo ya samaki, akayafunika kwa udongo mwingi ili mbwa wasifukue. Kila siku aliongeza maganda, majani na majivu kidogo, akafunika tena. Kukikauka, alinyunyiza maji. Ukingoni alipanga mawe, akayapaka chokaa, kama yale ya barabara ya kambi.

Odoch alisimama hapo. "Mmezika nani?"

"Maganda ya matoke, afande."

Sajini aliinama, akanusa. Hakukuwa na harufu wala nzi. Akaenda zake.

Baada ya miezi mitatu Acayo alifukua. Hakuona ganda hata moja. Aliona udongo mweusi, laini, wenye nyungunyungu.

"Hao ndio wapishi," alisema Nerima. "Na wengine wadogo sana, macho hayawaoni."

Acayo aliushika udongo ule mkononi, hakutaka kuuachia. Kisha akauchanganya kishambani, akapanda.

Msimu huo mchicha ulikuja mpana, wa kijani kibichi. Odoch aliutazama kwa muda mrefu.

"Kishamba ni chako, Mama Amony." Alikohoa kidogo. "Shimo lako lina kina gani?"

Acayo aligusa kiuno chake.

Jumamosi iliyofuata, nyuma ya nyumba ya sajini hakukuwa na moshi. Kulikuwa na mawe, na chokaa yake ilikuwa bado mbichi.