Imamu wa Alasiri

Alasiri husomwa kimoyomoyo, hilo hata mtoto aliyeingia chuoni juzi alijua. Basi siku ile ya mwaka themanini na saba, Mwanakheri, mjane wa wiki tatu, alisimama kusali chumbani mwake Likoni, akasikia Alhamdu ikisomwa kwa sauti mbele yake, na sauti yenyewe ni ya marehemu Mbwana.

Wallahi, mwingine angalitimka mbio bila buibui. Mwanakheri alirudi hatua mbili nyuma, pale asimamapo mke akisalishwa na mumewe, akaitikia, "Amin."

Msimlaumu. Mbwana alikuwa kuli bandarini. Miaka kumi na tisa alitoka kazini, akaoga, akamsalisha mkewe Alasiri, ndipo akala. Homa ilimchukua kwa siku nne. Sasa Mwanakheri yumo edani, hatoki, na kila Alasiri sauti ile ikaja. Alikonda. Chumba kilinuka udongo mbichi hata kikifukizwa udi. Na sijida zikarefuka, leo kidogo, kesho zaidi, paji la uso limegandia mswalani na aliye mbele hainuki, pumzi zake zasikika, nzito, kama za watu wengi, na Mwanakheri aogopa kuinua kichwa asije akaona ni nani, na aogopa zaidi asije akaona hapana mtu.

Wifi yake Mwanatabu, dada wa Mbwana, alimkuta hivyo alipomletea mihogo. Aliisikia sauti ya nduguye, sahani ikamponyoka.

"Wifi," alinong'ona, "ndugu yangu yuko makaburini. Huyu n'nani?"

"Nyamaza! Atakusikia, aondoke."

Kesho yake Mwanatabu alimleta Maalim Badi, mjuzi wa majini. Mzee aliketi ukumbini nyuma ya pazia, kwani mwenye eda haonwi na mwanamume wa kando. Wakati ulipoingia, sauti ikaanza.

"Mwanangu, Alasiri husomwa hivi?"

"La, Maalim."

"Umelijua lini?"

"Siku ya kwanza." Mwanakheri akaangua kilio. "Nalijua si yeye. Lakini sauti ni yake, Maalim. Nitaipata wapi tena?"

Maalim alisoma mpaka jasho likamtoka, na jini halikutoka.

"Ulilifuata jini hili kwa ridhaa yako," alisema. "Halitoki mpaka uliambie mwenyewe mumeo yuko wapi."

Neno hilo Mwanakheri hakuwahi kulitamka. Alisimama. Sauti ikaacha kusoma, ikaanza kumbembeleza, "Kheri wangu, waniacha? Nimetoka kazini, nimechoka, njoo nyuma yangu tusali," na harufu ya udongo ikamjaa kooni, na kitu kizito, baridi, kikamwegemea mabegani kama mume anayetaka kupokewa mzigo, na akatamani, Mungu amsamehe, akatamani kukikumbatia.

"Mbwana amekufa," alisema.

Uzito ukamtoka. Chumba kikawa kimya, hakina harufu yoyote.

"Alhamdulillahi, limetoka," alisema Maalim.

Mwanatabu alimkumbatia. "Umepona, wifi yangu. Shukuru."

Mwanakheri alikuwa akiitazama nafasi tupu mbele yake.

"Siku ile mlimzika nyinyi wanaume, Maalim, mimi nimekaa humu ndani," alisema. "Leo nimemzika mimi."