Ujumbe wa Thelathini na Moja

Alirekodi jumbe thelathini, hata mmoja zaidi haukuwapo. Alikuwa na hakika, kwa sababu alizirekodi zote siku moja, na ule wa mwisho aliusema koo likiwa limemkauka.

Sasa ilikuwa siku ya thelathini na tatu tangu waondoke nyumbani. Meli ya watalii ilikuwa imechelewa njiani kwa ubovu wa injini, ndiyo kwanza imefunga kamba kwenye bandari ya kigeni. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wa jengo la abiria, pale intaneti ya bure inapofika, kila mmoja amejibanza ukutani kama anayewachungulia majirani. Alitoa simu yake kwenye hali ya ndege. Ikatetemeka, na ujumbe wa mdogo wake ukaingia:

"Dada, asante kwa jana na juzi. Nilidhani zimekwisha, kumbe umeongeza. Chiriku kalala anacheka."

Akausoma mara mbili. Wa nyuma yake kwenye foleni akamgusa bega taratibu. "Vipi, habari mbaya?"

"Hapana," akasema. "Sielewi tu."

Chiriku alikuwa binti yake wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama mtu alifanya kazi ghorofa ya chini kabisa ya meli, kwenye chumba cha kufulia kisicho na dirisha, akipiga pasi mashuka ya wageni tangu asubuhi hadi miguu ivimbe. Wenzake walimwita Pasi.

Meli ikiwa katikati ya bahari huwasha mtandao wake wenyewe wa setilaiti, na simu iliyoachwa wazi hujishikiza hapo bila kukuuliza. Safari yake ya kwanza Pasi alisahau kufunga romingi. Simu ikashinda siku mbili mfukoni mwa aproni ikipokea picha za harusi kutoka kundi la ukoo, na nusu ya mshahara ikayeyuka. Tangu hapo alihakikisha simu iko kwenye hali ya ndege kabla kamba hazijafunguliwa.

"Sisi tuko majini, simu zetu ziko angani," Shangazi alikuwa akitania. Huyu alikuwa mama mtu mzima, msimamizi wa mashine za kukaushia, na wote walimwita Shangazi kwa sababu hakuwahi kutoka chumba cha kulia bila kumfungia mtu mkate kwenye leso.

Lakini Chiriku hakuweza kulala bila sauti ya mama yake. Ndipo Pasi akabuni hila yake. Siku moja kabla ya safari ya pili, meli ikiwa bado bandari ya nyumbani, alijifungia kwenye stoo ya mashuka, mahali palipo kimya kuliko pote melini, akaanza kurekodi. "Hujambo, Chiriku wangu? Leo umekula nini?" Kisha anafumba mdomo na kuhesabu vidole vitano, kumpa mtoto nafasi ya kujibu. "Ehee! Hongera, mwanangu. Na shuleni je?" Vidole vitano tena. "Haya, mpe mama busu, ulale." Mara thelathini, kila siku na lake.

Alipofika kwenye ujumbe wa ishirini hivi, alisikia kitu nyuma ya marundo ya mashuka. Kila alipofumba mdomo kuhesabu, kitu hicho kilivuta pumzi. Alipozungumza, kilinyamaza. Akajiambia ni mvuke kwenye mabomba.

"Dada, huku si kumdanganya mtoto?" mdogo wake aliuliza alipozipokea.

"Ni kumtuliza. Wewe kila jioni mpe simu, bonyeza, mwache aongee. Atadhani nimepiga."

Neno hilo, *atadhani*, lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Akaondoka nalo.

Pale ukutani akampigia mdogo wake kwa intaneti.

"Nilikutumia thelathini," alisema. "Sikuongeza kitu. Jana Chiriku aliongea na nani?"

Mlango ukasikika ukifungwa pole pole, na mdogo wake akaanza kunong'ona.

"Usinitanie, dada."

"Sikutanii. Niambie."

"Jumbe za mwanzo zilikwenda kama ulivyopanga. Ule wa tisa, mtoto alikwambia jino limetoka. Ukamjibu pole. Nikasema, ah, labda dada alibahatisha. Kesho yake ukamsifu kwa wimbo aliouimba darasani. Nikaona labda mwalimu kakwambia. Na harufu, dada. Ukianza tu kuongea, chumba kinanukia mashuka yaliyotoka kwenye pasi. Mimi sina pasi hapa ndani."

Pasi aliona aibu kabla hajaona woga. Mtoto wake alikuwa amempa habari za jino lake, na yeye hakuwapo kuzisikia. Mwingine alizisikia.

"Na hizi siku mbili za mwisho?"

"Simu ilikuwa kabatini. Saa yetu ilipofika ikaanza kuongea yenyewe. Jana nikaingiwa na wasiwasi, nikaizima, nikatoa laini. Ikaongea. Nikajidanganya kuwa ni ubovu, asubuhi nikaiwasha tena, nikakuandikia asante, nikitaka uniambie ni wewe." Akaanza kulia kimya kimya. "Dada, imemwambia kesho jioni inakuja kumchukua. Imesema mlango usifungwe. Mtoto amekwisha kupanga nguo zake."

King'ora cha meli kikalia kuwaita wafanyakazi. Nyumbani kulikuwa mwendo wa siku nne.

"Mpeleke kwa Bibi Mkunga," Pasi alisema. Huyo ndiye aliyemzalisha Chiriku, mwanamke wa dawa, asiyemwogopa mtu wala asiye mtu. "Mweleze yote. Hata la aibu."

Jibu liliingia dakika chache kabla kamba hazijafunguliwa. "Bibi anasema kuvunja simu hakusaidii, sauti ikishampata mtoto haihitaji simu. Anasema kesho saa kumi na mbili jioni upige kwenye simu yake, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, popote utakapokuwa. Anasema ujiandae kuona haya."

Kesho yake saa hiyo meli ilikuwa katikati ya maji matupu. Shangazi alimwangalia Pasi akiunguza shuka la pili, akamnyang'anya pasi mkononi.

"Nini, mwanangu?"

Pasi akamweleza, kichwa chini. Alitegemea kuchekwa au kukemewa. Shangazi hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua mlango wa stoo, akageuza ndoo ikawa kiti, akamwambia, "Ingia upige. Mimi nitasimama hapa nje. Msimamizi akija, nitamwambia unaumwa tumbo la wanawake, atakimbia mwenyewe."

Pasi akatoa simu kwenye hali ya ndege, akafungua romingi. Ujumbe wa bei uliingia kwanza, akaufuta bila kuusoma. Akapiga.

"Umechelewa," sauti nzito ya Bibi Mkunga ilisema. "Tuko kwenye mkeka. Simu yangu hii, na ile nyingine iliyozimwa, na mtoto katikati. Nimeweka sauti juu. Sema."

"Chiriku? Ni mama."

Hakusikia jibu la mtoto. Alisikia sauti yake mwenyewe, laini kuliko ilivyopata kuwa, ikitoka mbali upande wa pili: "Hujambo, Chiriku wangu? Nipo karibu. Nimeona gauni ulilopanga, la maua, kifungo kimoja kimekatika."

"Kweli kimekatika!" Chiriku alisema kwa furaha. Kisha, kwa mashaka: "Mama mdogo, kwenye simu ya Bibi kuna nani?"

"Ni mama yako," Bibi akajibu.

"Mama yuko kwenye ile."

Pasi akajishika mdomo. Pale stoo, kati ya marundo meupe yaliyofika darini, harufu ya mvuke ilikuwa inapanda ingawa hakuna bomba lililopita humo, na simuni alimsikia mdogo wake akikohoa, akisema dirisha limefunga ukungu, akisema kitasa, Bibi, tazama kitasa, na ndipo Pasi akatambua kuwa kitu kilichovuta pumzi siku ile nyuma ya mashuka hakikuwahi kubaki melini, kwamba yeye mwenyewe alikifungulia njia, kwa nafasi zile za vidole vitano alizoziacha tupu mara mbili kila jioni kwa jioni thelathini, na kila nafasi mtoto akaijaza na maneno yake, na kwa kuwa hapakuwa na mama wa kuyapokea, kikayapokea kile, moja moja, mpaka kikamjua Chiriku kuliko alivyomjua aliyembeba tumboni.

"Sikilizeni wote wawili," Bibi Mkunga alisema. "Nauliza. Jino la mtoto lililotoka ni lipi?"

"La chini, la mbele, kushoto," ile sauti ikajibu papo hapo. "Lilitoka akila, akalia kidogo."

"Na wewe wa melini?"

Pasi akatafuta. "Sijui, Bibi."

"Shuleni anakaa na nani?"

"Na mtoto wa fundi saa," ile sauti ikasema. "Wanagawana kifutio."

"Sijui," Pasi akasema. Shavu lilimwaka kama aliyepigwa kofi.

"Anaota nini siku hizi?"

"Anaota ngazi isiyo na mwisho. Mimi niko juu, ninamwita."

"Sijui. Sijui, Bibi. Mimi sijui chochote." Akaanza kulia. "Chiriku, mwanangu, nisikilize. Zile jioni zote sikuwa napiga. Nilirekodi siku moja, kabla ya kuondoka, niliogopa gharama za simu. Ulipokuwa unaniambia mambo yako, sikuwa nasikia. Ehee zile nilikuwa najisemea tu. Nilikudanganya, mama yangu. Nisamehe."

Mtoto hakusema neno. Chiriku, ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na homa.

Bibi Mkunga akageukia simu ya pili, na sauti yake ikawa ya upole wa kutisha, kama mtu anayemwonyesha mgeni viatu vyake. "Mwenzio amesema neno dogo, nawe liseme. Mwambie mtoto: sijui."

"Chiriku wangu, leo umekula..."

"Sema sijui."

"Nimeona gauni..."

"Hujui! Hujui kilichomuuma huyu mtoto usiku aliozaliwa, kwa kuwa hukuumia naye. Sema!"

"Si," ilisema ile sauti. "Si. Si. Si..." na neno likakatika katikati, likawa mluzi, mluzi ukawa mvuke, mvuke ukavuma ndani ya simu zote mbili na ndani ya stoo pia, hata marundo ya mashuka yakaanza kuinuka na kushuka kama vifua, na nje Shangazi akagonga mlango akiita, mwanangu, mwanangu uko salama, na upande wa pili kioo kikapasuka na mdogo wake akapiga kelele, kisha kila kitu kikanyamaza kwa pamoja.

Pasi alisubiri. Bila kukusudia, alihesabu vidole vitano.

"Mama," Chiriku akasema, karibu kabisa na simu. "Ni la chini. Nimeliweka kwenye kopo. Ukija nitakuonyesha."

Bili ya dakika zile ilikula mshahara wake, na mwisho wa safari Pasi hakusaini mkataba mwingine. Shangazi alimfungia mkate kwenye leso, na chini ya mkate akamwekea nauli ya kufika nyumbani. Hakumwambia. Pasi aliigundua njiani, akalia mbele za watu.

Alipata kazi kwenye duka la dobi mtaa wa pili. Jino alionyeshwa. Na tangu alipofika, kila jioni Chiriku alimpa mtihani uleule, akiwa amekaza macho kama askari wa mpakani.

"Mama, leo nimefanya nini shuleni?"

"Sijui, mwanangu. Niambie."

Hapo tu ndipo mtoto alipolegeza mabega, akaketi karibu naye na kumwaga habari za siku nzima. Pasi alizisikiliza zote, hata za kifutio, bila kumkatiza. Aliona hiyo ndiyo adhabu yake, na ilikuwa tamu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jioni moja alikuwa amerudi na mashuka ya mteja, anayamalizia nyumbani, mvuke umejaa chumbani. Chiriku akaingia, akavua viatu, akasimama mlangoni.

"Mama, leo nimefanya nini shuleni?"

Pasi akainua kichwa. Na kabla mtoto hajasogea, aliuona ukuta wa darasa, akamwona mtoto wa fundi saa akimsukuma Chiriku kwenye foleni ya bombani, akaona goti la kulia lililochubuka chini ya soksi iliyovutwa juu kulificha, na akajua hata neno ambalo binti yake alilisema moyoni wakati anaanguka. Nyuma ya rundo la mashuka, kitu kilivuta pumzi kikasubiri.

Mtoto alikuwa anamtazama. Kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano.

"Sijui, mwanangu," Pasi akasema. "Niambie."

Chiriku akatabasamu, akaja kukaa karibu naye. Pasi akainamisha uso juu ya pasi, ili mtoto asione haya yake. Alikuwa amemdanganya tena.