Betri ya Kuku

Baba yangu ni fundi magari, na hata mezani haachi kazi. Jumapili Mama akipika kuku, Baba ndiye mgawaji. Shingo huiita usukani, mabawa milango, miguu breki, na mkia wenye mafuta huuita buti. Firigisi ndiyo betri. "Bila betri gari haliwaki," husema, kisha huniwekea mimi. Tangu nilipoota meno, betri ilikuwa yangu.

Mwaka huu akaja binamu yangu, mtoto wa shangazi, akae nasi hadi amalize shule. Jumapili ya kwanza Baba akampa yeye betri. Ya pili, tena. Ya tatu mimi nikapewa usukani. Nilimwonea wivu hadi kicheko chake kikawa kinanikera.

Jumapili ya nne Mama alitoka kwenda dukani, akamwachia binamu jiko. Binamu alipotoka kuchota maji, nilifunua sufuria, nikaopoa firigisi, nikaitupia mdomoni. Lo! Ilikuwa haijaiva. Nilitafuna mpaka taya zikauma, wala haikukatika.

Mara Baba akaingia, binamu nyuma yake na ndoo. Kama kawaida yake, akafunua sufuria "kukagua gari".

"Mbona betri haipo?" Akamgeukia binamu. "Mjomba, si wewe uliyeachiwa jiko?"

"Sijaigusa, Mjomba! Haki ya Mungu." Akaitua ndoo chini. "Tafadhali usinirudishe nyumbani."

Ningeweza kunyamaza, mdomo wenyewe ulikuwa umejaa. Lakini maneno yale yalinichoma. Nikaitema firigisi kiganjani.

"Ni mimi, Baba. Ilikuwa yangu, ukampa yeye. Siku hizi unampenda yeye tu." Nikaangua kilio.

Binamu akanikodolea macho. "Kumbe unaipenda? Mimi huwa naimeza na maji! Nilimwogopa Mjomba, nikashindwa kukataa."

Baba alitaka kucheka, akajizuia. Akaniamuru nimwombe binamu radhi, nami nikamwomba huku nimeinama kwa aibu.

"Nilimpa ili asijione mgeni," Baba akasema. "Nilikosea kutokueleza. Lakini wewe nusura umtwishe mwenzio wizi wako, naye hana kwingine kwa kusomea. Wivu kila mtu humjia, mwanangu. Ukikujia, njoo useme. Ukiuficha, atakayeumia ni mtu asiye na kosa."