Kufuli la Reino

Ijumaa ile nilioka mikate ya nyama na viazi, nikamfungashia mume wangu Arvo, nikaendesha gari kumpelekea chakula cha mchana. Theluji imetulia, jua linawaka. Siku ya kawaida kabisa.

Arvo alikuwa fundi wa pampu za tope kwenye mgodi wetu wa chuma, huku Minnesota. Kibanda cha pampu kiko peke yake, mbali na kiwanda. Tope la mawe yaliyosagwa hula gurudumu la ndani ya pampu, nafasi kati yake na kifuniko cha mbele inapanuka, pampu inaishiwa nguvu. Basi kila Ijumaa mafundi wawili wanaizima kuipunguza ile nafasi. Mmoja nyuma anazungusha mikanda kwa mkono. Mwenzake mbele anakaza bolti, nondo ya chuma kutoka kwenye pampu hadi sikioni, anasikiliza. Chuma kikianza kukwaruza anasema "basi", halafu analegeza kidogo tu. Ila kwanza kila mmoja anatundika kufuli lake kwenye swichi, lenye jina lake, mtu asije akawasha. Na kufuli la mtu haliondolewi na mwingine.

Mwenzake wa miaka ishirini na miwili alikuwa Reino. Reino alikufa ghafla mwezi wa kumi. Mkewe alimtilia kufuli lake mfukoni, ndani ya jeneza, nilikuwepo. Tangu hapo Arvo alikataa kupewa mwenzake mpya, na nyumbani akanyamaza. Tulikaa meza moja, lakini niseme ukweli, nilikuwa nakula peke yangu. Nilichotaka ni mume wangu anirudie.

Nje ya kibanda kulikuwa na gari moja, lake. Ndani nikasikia sauti ya Arvo, ananong'ona.

"Zungusha. Taratibu, mzee, haraka ya wapi?"

Nikaingia. Alikuwa mbele ya pampu, nondo sikioni. Nyuma hapakuwa na mtu. Mikanda ilikuwa inazunguka.

Nikatazama swichi. Makufuli mawili.

"Arvo," nikasema. "Twende nyumbani."

"Ngoja, Helmi. Hatujamaliza."

"Hamjamaliza, wewe na nani?"

Mikanda ikasimama. Ikangoja.

"Miezi minne naongea na ukuta," nikamwambia. "Huyu unamtania, mimi hata asante sipati. Chagua."

Akanitazama sana. Akaweka nondo chini, akafungua kufuli lake, akanishika mkono. Tulipokuwa tunatoka, kitu kiligonga pampu. Mara mbili. Hatukugeuka.

Jumatatu akastaafu. Akaanza kuongea, vitu vidogo tu, chumvi, baridi. Nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Ijumaa iliyofuata, mchana, tulikuwa mezani. Nikainuka kwenda kuleta kuni. Mlango wa mbele ukagoma kufunguka. Tukatokea wa nyuma, tukazunguka. Theluji ya barazani haikuwa na alama, hata ya paka. Kwenye komeo lilining'inia kufuli. La Reino. Chini ya jina, kwa mwandiko wake: Nipo kazini.

Nikamgeukia Arvo, nikidhani naye anaogopa. Alikuwa anacheka, taratibu, machozi yanamtoka. Miaka thelathini na moja ya ndoa, kicheko kile sijawahi kukipata mimi.

Kufuli lipo hadi leo. Kila Ijumaa mchana Arvo anachukua sahani mbili, anakwenda kukaa barazani. Zote mbili hurudi tupu. Mimi nakula jikoni.