Ushanga Kwenye Usukani

Jua la Kakuma lilikuwa kali hata kivuli kilitafuta kivuli. Akoru alisukuma baiskeli mpya hadi sokoni. Aliuza kwa niaba ya mzee Lochakapong, mwenye duka la baiskeli kule Lodwar. Kila aliyoiuza aliifungia ushanga wa buluu kwenye usukani, kama mbuzi anavyotiwa alama. Watu walisema Akoru angemuuzia hata nyoka baiskeli, na nyoka angeuliza kengele iko wapi.

Walipatana kwa mdomo tu: baiskeli ikiuzwa, Akoru anapata kamisheni. Kisha lori la mzigo wa duka likasombwa na mafuriko, na biashara ikayumba. Kamisheni ikakoma. Binti ya Akoru akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

"Ngoja kidogo, mama," Lochakapong alimwambia kila mara. "Duka limekauka, unaona mwenyewe."

Erupe, mume wa Akoru, alichoka. "Hii baiskeli ya mwisho usiirudishe. Tuifiche kwa ndugu yangu kule Kaaleng."

Jirani yao Apajok, aliyewahi kuwa karani wa chama cha wafanyakazi, alimsikia.

"Ejok, Erupe," alimsalimu kwa Kiturkana. "Ukiificha, polisi watamshika mke wako, si Lochakapong. Baiskeli ni mali yake. Kamisheni ni jasho la Akoru. Aende ofisi ya leba, wanakosikiliza wafanyakazi, kule Lodwar."

"Sina karatasi," Akoru alisema.

"Una mashahidi. Wanunuzi wako wamekufa?"

Akoru akarudisha baiskeli, akapeleka mashtaka. Afisa wa leba akamwita Lochakapong.

"Huyu alikuwa mteja," Lochakapong alisema. "Alinunua kwangu, akauza zake."

Akoru akafungua mlango. Nje walisimama wanunuzi waliokuja na baiskeli zao kwa lori. Gatluak, mkimbizi aliyeomba kibali cha kutoka kambi ya Kakuma, akaingia na yake mpaka ndani.

"Mzee, ulikuja Kakuma ukanifungia cheni. Ukaniuliza nani aliniuzia. Nikakuonyesha ushanga huu. Ukasema, 'Huyo ni mtu wangu.'"

Lochakapong akainama. "Sikatai. Lakini pesa sina."

"Hata mimi sina," Akoru alijibu. "Ila mimi nilifanya kazi. Sikuombi, mzee. Ninadai."

"Hasara ya duka haifuti malipo ya mfanyakazi," afisa alisema. "Lakini duka likifungwa leo, mtakosa wote."

Wakaandikiana mbele yake: kila baiskeli itakayouzwa, fungu la kamisheni aliyonyimwa Akoru litatoka kwanza. Wote wawili wakatia sahihi. Lochakapong alipochelewa mwezi mmoja, Akoru alikaa mlangoni pa duka na karatasi yake, akawasalimu wateja wote kwa sauti. Mzee hakuchelewa tena.

Binti akarudi shule. Deni likaisha.

Siku moja Lochakapong alifika Kakuma mwenyewe na baiskeli mpya.

"Funga ushanga, mama. Hizi zitakwisha haraka."

Akoru akaufumbata ushanga mkononi.

"Andika kamisheni yangu kwanza, mzee. Utie sahihi, Apajok akiona. Ndipo nifunge."

Lochakapong akaanza kupapasa mifuko, akitafuta kalamu.